Tikal si Fumbo: Namna ya Kuyatembelea Magofu ya Wamaya



Wengi wanaokwenda kuona magofu ya Wamaya huenda wakitafuta fumbo. Vipeperushi vya mawakala wa safari huwaahidi fumbo, filamu nazo vilevile, na wakifika hupiga picha za mawe yaliyoota kuvumwani, wakarudi kwao bila kuongeza neno. Nimekuja kuwaambia kwamba mawe yale yameandikwa. Yana majina ya watu, na tarehe za kutawazwa kwao, za vita vyao na za vifo vyao, siku kwa siku. Mwenye kwenda na majina mawili matatu kichwani ataona mji. Asiye nayo ataona ngazi, na ngazi kule ni nyingi.

Nitakaa zaidi Tikal, maana ndiko miguu yangu ilikochoka zaidi, ingawa nitapita miji ya Palenque na Copán pia.

Tikal iko jimbo la Petén, kaskazini mwa Guatemala. Mgeni hufikia Flores, kisiwa kidogo katika ziwa Petén Itzá kilichoungwa na nchi kavu kwa tuta la barabara. Ni mahali pa kupendeza: nyumba za rangi rangi, vijia vya mawe, bajaji zinazunguka. Watu hulala pale, na alfajiri hupanda basi dogo kwenda Tikal, mwendo wa kilomita 65 hivi. Wachache hujua kwamba kisiwa walicholalia kimekalia mji wa Wamaya. Pale palikuwa Nojpetén, makao makuu ya Waitza, dola ya mwisho ya Wamaya kuangukia mikononi mwa Wahispania. Ilianguka tarehe 13 Machi 1697. Iwekeni tarehe hiyo kando ya historia yetu: mwezi huo Waomani walikuwa wametimiza mwaka mzima wakiizingira Ngome Yesu ya Mombasa. Hernán Cortés alikuwa amepita ziwani hapo mwaka 1525, akawaachia wenyeji farasi wake aliyeumia mguu, akaenda zake. Kutoka farasi yule hadi kuanguka kwa mji ni miaka 172. Basi atakayewaambia kwamba Wamaya walitoweka kabla Mhispania hajatia nanga, mwulizeni hawa wa Nojpetén walikuwa akina nani.

Lango la Tikal hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Nendeni saa hiyo hiyo, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya wanyama. Wako kima weusi ambao ngurumo yao husikika mbali sana, na mgeni asiyeambiwa mapema hudhani moja kwa moja kwamba jagwa amemfikia. Wako tukani, ndege wenye midomo mikubwa ya rangi kama hondohondo wetu, na kuna mnyama wa pua ndefu na mkia uliosimama, wenyeji humwita pizote, ambaye hutembea makundi makundi na haogopi mtu mwenye mkate. Karibu na njia mtaona mti mmoja mnaoufahamu: msufi. Ni ule ule wa kwetu, wa sufi za kujazia mito. Wamaya waliuheshimu kama mti unaounganisha kuzimu, ardhi na mbingu, na leo ndio mti wa taifa la Guatemala.

Kisha mtapelekwa Hekalu la Nne. Kila mgeni hupelekwa huko. Ni jengo la mita 65 hivi, lilijengwa karibu na mwaka 741, na hupandwa kwa ngazi za mbao zilizoegeshwa ubavuni. Ukifika juu unakaa kwenye mawe ukihema, na mbele yako ni majani matupu hadi upeo wa macho, isipokuwa vilele vya mahekalu vilivyochomoza. Mandhari hiyo ilipigwa picha kwa filamu ya Star Wars ya George Lucas ya mwaka 1977, na tangu hapo nusu ya wanaopanda huwa wanaipandia filamu.

Nasema bila kuficha kwamba mandhari ile inadanganya. Ni nzuri, na inadanganya. Inakufanya udhani kwamba Wamaya walikuwa watu wachache waliojenga mahekalu katikati ya pori, wakiishi na kima. Katika karne ya 8 mtu aliyesimama pale hakuona pori. Aliona viwanja vilivyopigwa lipu ya chokaa, barabara pana zilizoinuliwa, mashamba, na moshi wa majiko kila upande. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliofanya kazi Tikal kuanzia 1956 hadi 1970, walichora ramani ya majengo zaidi ya 3,000 katika eneo la kilomita za mraba 16 hivi. Halafu mwaka 2018 yakatangazwa matokeo ya kupima ardhi kwa miale ya leza kutoka kwenye ndege, miale inayopenya kati ya majani na kurudi na umbo la udongo ulio chini. Katika kilomita za mraba 2,100 za Petén yalionekana majengo zaidi ya 60,000: nyumba, ngome, matuta ya kilimo, barabara. Mkitembea njia za Tikal, kila kilima kidogo mnachokiona kulia na kushoto, chenye miti juu na mizizi ubavuni, ni nyumba ya mtu. Havijafukuliwa, na vingi havitafukuliwa, kwa sababu jiwe la chokaa likiachwa wazi huliwa na mvua na kuvu. Udongo unalilinda. Kwa maoni yangu, saa moja ya kuangalia vilima hivyo inafundisha zaidi kuliko Hekalu la Nne, ila hakuna anayevipiga picha.

Sasa niwape majina niliyowaahidi. Mwaka 378 alifika Tikal mtu aitwaye Siyaj K'ahk', kutoka upande wa magharibi, na nyuma yake ulikuwapo mkono wa Teotihuacán, jiji kubwa la bonde la Meksiko. Siku hiyo hiyo mfalme wa Tikal akafa. Mawe hayasemi aliuawa. Yanasema tu kwamba mmoja alifika na mwingine akafa, na msomaji mwenye akili timamu anajijazia. Mwaka uliofuata aliketishwa mfalme mpya.

Miaka ikapita, Tikal ikatajirika, na ikapata adui: Calakmul, ambayo leo iko upande wa Meksiko, kilomita mia moja hivi kuelekea kaskazini. Watawala wake walikuwa ukoo wa Nyoka, hodari wa kuwageuza majirani wa Tikal mmoja mmoja. Mwaka 562 Tikal ikapigwa. Kwa miaka 130 hivi baada ya hapo hapakusimamishwa mjini jiwe la kumbukumbu lenye tarehe. Mji uliokuwa ukiandika kila kitu ukanyamaza.

Aliyeuamsha ni Jasaw Chan K'awiil, aliyetawazwa mwaka 682. Mwezi Agosti mwaka 695 aliliangusha jeshi la mfalme wa Calakmul, na habari hiyo ikachongwa juu ya mbao za mlango wa Hekalu la Kwanza. Hilo ndilo hekalu mnaloliona kwenye kadi zote za posta, jembamba, limesimama wima, mita 47 hivi. Mwaka 1962 wachimbuzi walilikuta kaburi lake chini ya jengo. Alizikwa na vito vya jade na mifupa iliyochorwa kwa mkono mwepesi usiotetereka. Katika mmojawapo kuna mtumbwi uliobeba mungu wa mahindi pamoja na kima, kasuku na mbwa. Hekalu la Pili, linalolitazama la Kwanza ng'ambo ya uwanja, linahusishwa na mkewe. Hekalu la Nne, lile la wapenda filamu, ni la mwanawe, Yik'in Chan K'awiil. Sasa simameni katikati ya uwanja mkuu: baba huku, mama kule, mtoto amejenga nyuma lake refu kuliko yote. Hakuna fumbo hapo. Kuna ukoo uliowahi kudhalilishwa na unaotaka kila mtu ajue kwamba sasa umeinuka.

Na tusiyameze yote waliyoandika. Maandishi ya mfalme ni maandishi ya mfalme. Hayataji mbeba mawe, wala mchoma chokaa, wala mwanamke aliyesaga mahindi ya wote hao.

Kusoma tarehe zao ni jambo la dakika kumi, nami nitawafundisha hapa hapa. Nukta ni moja, mstari ni tano, kombe ni sifuri. Ndiyo, walikuwa na sifuri. Hesabu ndefu ya siku ina safu tano. Ya juu huhesabu vipindi vya siku 144,000, inayofuata vya siku 7,200, kisha 360, kisha 20, ya mwisho siku moja moja. Hesabu inaanzia Agosti mwaka 3114 kabla ya Kristo. Jiwe linaloitwa namba 29 la Tikal lina 8, 12, 14, 8 na 15. Zidisheni na mjumlishe, mtapata siku 1,243,615, ambazo zinatufikisha mwezi Julai mwaka 292. Mtakaposimama mbele ya jiwe lenye nukta na mistari, toeni kalamu.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyozusha kelele za mwisho wa dunia tarehe 21 Desemba 2012. Siku hiyo kilikamilika kipindi cha 13 cha siku 144,000, basi. Hakuna Mmaya wa kale aliyesema dunia itakwisha. Maandishi ya Palenque yanataja tarehe itakayofika mwaka 4772.

Tumejuaje haya yote? Vitabu vya Wamaya vilikuwa vingi. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, padri Mfransisko Diego de Landa aliviteketeza kwa moto pamoja na sanamu zao. Vilivyosalia duniani ni vinne. Padri huyo huyo baadaye aliandika maelezo ya mila za watu aliowachomea vitabu, na humo akaweka orodha ya herufi zao kama alivyozielewa, yaani vibaya. Orodha hiyo mbovu ndiyo aliyoishika Yuri Knorozov, msomi wa Kisovieti, na mwaka 1952 akaonyesha kwamba alama nyingi za Wamaya ni silabi. Wakati huo alikuwa hajawahi kukanyaga Amerika ya Kati. Miaka minane baadaye Tatiana Proskouriakoff, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Marekani, alithibitisha kwa kuzipanga tarehe za mji wa Piedras Negras kwamba mawe yanasimulia maisha ya watawala, kuzaliwa kwao na kutawazwa kwao. Kabla yake wakubwa wa taaluma walishikilia kwamba ni unajimu mtupu wa makuhani waliokesha wakitazama nyota. Proskouriakoff alifariki 1985, na majivu yake yamezikwa Piedras Negras, juu ya mto Usumacinta.

Nije kwenye swali linalonikera. Tangu Wazungu walipoanza kuandika kuhusu magofu haya, wengi wao walitaka aliyeyajenga awe mtu mwingine yeyote ila Mmaya. Walitajwa Wamisri, Wafoinike, makabila yaliyopotea ya Israeli, watu wa Atlantis. Mwaka 1839 Mmarekani John Lloyd Stephens na mchoraji Mwingereza Frederick Catherwood walifika Copán, Honduras, na Stephens akaununua mji mzima kwa dola 50. Ununuzi huo ni kichekesho chenye uchungu, lakini yule bwana alikuwa na macho. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1841 alisema wazi kwamba waliojenga ni mababu wa wenyeji anaowaona. Hoja ikawa imekwisha, au ingekuwa imekwisha. Mwaka 1952 mwanaakiolojia Alberto Ruz alifikia kaburi la mfalme Pakal chini ya hekalu huko Palenque, Meksiko, baada ya misimu minne ya kuzoa kifusi kilichojazwa kwenye ngazi. Pakal alitawazwa mwaka 615 akiwa na umri wa miaka 12, akafa mwaka 683, na jina lake limeandikwa pale. Hata hivyo mwaka 1968 mwandishi Erich von Däniken alikitazama kifuniko cha jeneza lake la mawe akadai kinaonyesha rubani wa chombo cha angani, na kitabu kikauzwa kote duniani. Ndugu zangu, sisi tunaifahamu tabia hii. Zimbabwe Kuu ilipewa Wafoinike, na miji ya mawe ya pwani yetu ilipewa kila mtu aliyekuja na jahazi.

Wala msikubali kuambiwa kwamba magofu "yaligunduliwa" na fulani bila kuuliza nani alimwonyesha njia. Msafara wa kwanza wa serikali kufika Tikal, mwaka 1848, uliongozwa na Modesto Méndez. Aliyekuwa naye akijua mahali ni Ambrosio Tut, mtu wa huko huko. Caracol, nchini Belize, ilionwa mwaka 1937 na mkata miti ya mahogani aitwaye Rosa Mai. Michoro ya ukutani ya Bonampak alionyeshwa mpiga picha Giles Healey mwaka 1946 na Walakandoni, Wamaya wa msitu ule. Na miji mingine mingi iliripotiwa na wagema utomvu wa mti wa chicozapote, utomvu ambao zamani ndio uliotengenezewa chingamu.

Mti huo una habari nyingine. Mbao zake ni ngumu mno hata mchwa huzishindwa, ndiyo maana mafundi wa Tikal waliziweka juu ya milango ya mahekalu na kuzichonga. Nyingine zimedumu miaka zaidi ya 1,200. Lakini mkipanda Hekalu la Nne kutafuta mbao zake bora hamtazikuta. Ziling'olewa mwaka 1877 kwa agizo la Gustav Bernoulli, Mswisi, na sasa ziko makumbusho ya Basel. Mawe mazuri ya milango ya mji wa Yaxchilán, likiwamo lile la Bibi K'abal Xook akipitisha kamba yenye miiba ulimini mbele ya mumewe mfalme, yalipelekwa London na Mwingereza Alfred Maudslay miaka ya 1880. Kwa hiyo ziara kamili ya magofu ya Wamaya inahitaji pia viza ya Ulaya. Nimeona nilitaje hilo, maana vipeperushi havilitaji.

Mwulizeni pia mwongozaji wenu awaonyeshe malambo. Tikal haina mto. Viwanja vile vya lipu viliinamishwa kidogo ili maji ya mvua yateremke kwenye malambo yaliyochimbwa na kusakafiwa, na mji mzima ukaishi kiangazi chote kwa maji hayo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walieleza mambo mawili waliyoyapata katika matope ya malambo hayo. Katika lambo la Corriental kulikuwa na mchanga na madini ya zeolaiti, ambayo huchuja maji. Haya hayatokani na ardhi ya pale, yaliletwa. Katika malambo yaliyo karibu na kasri na mahekalu kulikuwa na zebaki, inayoaminika kutoka kwenye rangi nyekundu iliyopakwa majengo, na dalili za vijidudu vyenye sumu. Mtawala aliyekaa kasri lililopakwa rangi ya fahari huenda alikunywa maji mabaya kuliko mtu wa pembezoni.

Ukame, vita, kuni, maji, wakuu wengi kupita kiasi: wataalamu wanagombania uzito wa kila kimoja, ila katika karne ya 9 miji ya Petén ilipoteza watu wake. Jiwe la mwisho lenye tarehe kusimamishwa Tikal ni la mwaka 869. Watu walihama. Kaskazini, huko Yucatán, Chichén Itzá na baadaye Mayapán ziliendelea.

Na wapo hadi leo, mamilioni, wakisema lugha za Kimaya zipatazo thelathini. Huyu anayewauzia maji langoni, dereva wa basi, mwongozaji: wengi ni hao. Hapa sitapunguza maneno. Guatemala ilipigana vita vya ndani kuanzia 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake mwaka 1999: watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kati ya waathirika waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Rigoberta Menchú, Mmaya wa K'iche', alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992 vita vikiwa bado havijaisha. Ni aibu mtu kusimama juu ya piramidi akiuliza kwa huzuni watu hawa walikwenda wapi, ilhali jibu lingine lilikuwa makaburi ya halaiki ya miaka ya 1980.

Mambo ya safari ni mafupi. Nendeni kati ya Desemba na Aprili, mvua ikiwa imekatika. Viatu vya kufunga, maji ya kutosha, dawa ya mbu, tochi. Msipande palipokatazwa, Hekalu la Kwanza limefungwa kwa wapandaji, na ni haki. Mkiwa na nguvu na siku za kutosha, mji wa kale wa El Mirador unafikiwa kwa kutembea siku tano kwenda na kurudi kutoka kijiji cha Carmelita, na piramidi yake ya La Danta, mita 72 hivi, ilijengwa karne nyingi kabla ya Jasaw kuzaliwa. Kodini mwongozaji wa huko huko, mlipeni vizuri, na mwulizeni lugha ya nyumbani kwao.

Vijana wangu, wengine wenu mtafanya kazi ya kuwaongoza wageni Gede, Songo Mnara na Kilwa. Magofu ya Gede nayo yamezungukwa na msitu na kima, na mgeni atafika akiwa tayari na swali lake la watu waliopotea. Msimpe majini na mizimu peke yake kwa kuwa ndiyo anayoipenda. Akifika Kilwa akauliza Husuni Kubwa ni kazi ya nani, mtajieni Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, kisha mshusheni hadi kwenye birika lake la pembe nane.